Vita vya Spika Mbili Katika Gari Lisilotobolewa

Sogeeni, enyi mnaopenda habari za mashujaa. Wekeni simu chini, nyamazisheni watoto, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize. Ninawaletea kisa cha vita vilivyopiganwa ndani ya gereji ya bati, vita ambavyo havikumwaga damu ila tone moja la kidole cha fundi, nalo likafutwa kwa kitambaa cha kung'arishia boneti. Nilikuwapo. Mimi ni jirani wa ukuta mmoja, na cheo nilichopewa katika jeshi lile kilikuwa cha kushika tochi.

Shujaa wetu ni Bwana Kasi, mvaa glavu, mpangusa matairi, bingwa wa barabara tambarare, aliyepewa jina hilo na watu wa mtaa kwa sababu hajawahi kulipita hata lori la matofali. Gari lake lilikuwa la mbio, la zamani, jekundu, lenye viti viwili na paa la turubai la kukunja, na lilipendeza hata mtu aliyekasirika akalitazama mara ya pili. Lakini halikuwa lake hasa. Alikabidhiwa na baba mkwe wake, Mzee Marufuku, aliyelitunza tangu ujana, naye siku ya kutoa ufunguo alisimama mbele ya boneti na kunena hivi:

"Mkwe wangu, sikiliza na ukumbuke. Gari hili tangu liumbwe halijaguswa na drili. Siku nitakayoona tundu jipya, hata la kupita sindano, nitaondoka nalo, na binti nitakuachia."

Na ili maneno yake yasije yakapeperuka, kadi ya gari alibaki nayo mwenyewe mfukoni.

Bwana Kasi angeitii amri ile mpaka kaburini, lau si mkewe, binti wa Mzee yule yule, mwanamke asiyebembelezeka. Jumamosi walitakiwa kwenda kumwona shangazi yake, dada wa Mzee Marufuku, safari ya asubuhi nzima. Ijumaa, akiwa anakunja nguo, mke akatangaza vita kwa sentensi moja.

"Bila muziki, mimi kwenye hilo gari sipandi."

"Ewe ubani wa nyumba yangu," akajibu Bwana Kasi, mkono kifuani, "utakosaje la kusikiliza ilhali mimi nipo? Nitakusimulia habari za kabureta tangu lilipovumbuliwa, nitakueleza jinsi plagi nne zinavyopokezana moto..."

"Ndiyo maana."

Basi shujaa akawa kati ya nyundo na fuawe. Asipofunga spika, kiti cha pembeni kitabaki kitupu. Akitoboa, gari litarudi kwa mwenyewe. Na msimcheke upesi. Mtu yule alimpenda mkewe, akalipenda na gari, na ndoto yake yote ilikuwa kuwaona wawili hao pamoja, paa likiwa limefunguliwa, naye akiwa na glavu zake. Hakuwahi kudhani kwamba angetakiwa achague.

Ndipo akamtuma mjumbe, yaani mimi, nikamwite Fundi Mawimbi, tabibu wa redio, mfufua vyombo vilivyokatiwa tamaa. Fundi akaja na spika mbili, kila moja upana wa kisahani cha chai, akazilaza juu ya kiti kwa heshima.

"Bosi," akasema, "hizi kuzifunga ni kazi ndogo. Shida ni pa kuziweka."

Maneno hayo, enyi wasikilizaji, ndiyo yaliyofungua milango ya maangamizi.

Ngome ya kwanza kushambuliwa ilikuwa dashibodi, lakini ilikuwa ya mbao, nyembamba, imejaa saa na vishale, hata kiberiti kisingepata pa kulala. Jeshi likarudi nyuma bila kupigana. Ya pili ilikuwa uwanda ulio nyuma ya viti. Hapo tulipiga kambi kwa matumaini, tukazipanga spika kama mabwana harusi, na Bwana Kasi akaamuru paa likunjwe. Paa likashuka kwa majivuno yake yote, likazikalia. Kikasikika kilio cha plastiki. Fundi akaingiza mkono kuokoa majeruhi, na hapo ndipo lilipotoka lile tone la damu nililowaambia.

"Na huku ndiko ninakoweka mkoba wangu," mke akasema akiwa mlangoni. Alikuwa amekuja kuanika taulo tu.

Ngome ya tatu ilikuwa bondeni, penye miguu. Spika ikaegeshwa ubavuni, Bwana Kasi akaketi, akakanyaga klachi kwa ushujaa, na kiatu chake kikaitandika spika teke ambalo ningependa mpigaji penalti wa timu yetu alione. Ya nne ilikuwa pangoni, chini ya kiti. Zikaingia! Tukashangilia. Fundi akaunganisha nyaya, Bwana Kasi akaketi juu ya kiti kama sultani, na wimbo ukaanza kutoka chini yake, mzito, wa kukwamakwama.

Mke akasikiliza, akakunja pua. "Tumbo lako liko sawa?"

Hakuna jeshi linaloweza kustahimili neno kama hilo. Spika zikatolewa. Usiku ukaingia tukiwa tumeshindwa pande zote, na shujaa akalala na glavu.

Asubuhi ya Jumamosi tukakutana tena. Ilibaki ngome moja tu, ile tuliyokuwa tukiikwepa kwa macho: milango.

"Mlangoni ndipo mahali pake," Fundi akasema. "Ila bati la ndani litataka tundu."

"Usilitamke!" akafoka Bwana Kasi, akalishika drili la Fundi na kulifunika kwa koti lake, kana kwamba Mzee Marufuku angelinusa kutoka kwake. "Mimi nife nikiitwa mchoyo wa muziki, lakini sitaitwa mtoboaji!"

"Sitoboi, bosi. Nafungua tu huu ubao wa ngozi nione ndani. Ni skrubu hizi. Naurudisha kama ulivyokuwa."

Bwana Kasi akafumba macho, akatikisa kichwa kukubali. Skrubu zikalegea, ubao ukatoka. Nami nikainua tochi.

Ndani ya mlango, katika bati, palikuwa na kifuniko cha mkebe kimebandikwa kwa lami. Fundi akakibandua kwa bisibisi. Nyuma yake lilitokea tundu kubwa, la zamani, lenye kutu na meno ya kila upande, limepinda upande mmoja mithili ya kiazi. Tukakimbilia mlango wa pili, tukafungua. Huko nako tundu, baya kuliko mwenzake, limezibwa kwa kipande cha kadibodi.

"Huyu aliyetoboa," Fundi akasema taratibu, "alikuwa na hasira au hakuwa na vifaa."

Bwana Kasi hakushangilia. Alipauka. Maana aliyaona matundu, lakini aliona pia jambo jingine: nani atakayesadiki kwamba si yake? Na kama ilivyo desturi ya wakwe, ambao hawaji ukiwa umejiandaa, saa hiyo hiyo tukasikia kikohozi getini. Mzee Marufuku amefika kukagua, na nyuma yake Mama Mkwe, mtulivu, mwenye kanga begani, ambaye hakuwa na nia ya kwenda kwa wifi yake, yule shangazi. Mawifi hao walikuwa wakisalimiana kwa mbali tangu zamani, na sababu yake hakuna aliyethubutu kuiuliza.

Shujaa akapiga magoti juu ya oili.

"Baba! Nihukumu, lakini nisikilize kwanza! Naapa kwa mkate ninaokula, matundu haya si yangu! Nimeyakuta! Drili lile pale, limelala chini ya koti, halijaamka tangu jana! Kama nimetoboa, mikono hii isishike tena usukani!"

Mzee Marufuku akalitazama tundu. Akakitazama kifuniko kilichokuwa sakafuni. Tukangoja radi.

"Inuka, mwanangu," akasema. "Unachafua suruali."

Lakini Mama Mkwe alikuwa amekwisha kuinama. Alikiokota kifuniko, akakikwangua lami kwa ukucha mpaka likatokea ua la njano.

"Hiki ni changu."

Akamgeukia mumewe.

"Hiki ni kifuniko cha mkebe wangu wa sukari. Hiki ndicho nilichomgombezea wifi! Nilimwambia mbele ya watu kwamba kakiiba. Nimemnunia mwanamke wa watu miaka yote hii, mzee, na kifuniko kimo ndani ya gari lako?"

Mzee akajikusanya, akainua kidole juu, akaanza: "Mke wangu, katika maisha ya mwanamume huja saa ambayo busara na ujana..."

"Mzee. Sema."

Kidole kikashuka.

"Ulisema hupandi bila muziki," akasema, na sauti ya kutoa amri ikawa imemwishia. "Nikanunua spika. Nikangoja utoke, nikatoboa kwa patasi, maana drili sikuwa nalo. Likapinda. Nikajaribu mlango wa pili, likapinda zaidi, na kioo kikapasuka. Nikaona aibu. Nikaziba, nikasema gari hili halitobolewi."

Kwa hiyo kumbukeni, enyi mnaopenda haki: Mzee hakuwa amesema uongo. Drili kweli halikuwahi kuligusa.

Mama Mkwe alikaa na kifuniko mkononi.

"Mimi nilidhani hukunisikia," akasema. "Nikasema basi, mtu mwenyewe hata hanisikilizi. Nikaacha kuomba vitu."

"Nilikusikia."

Hapo nilielekeza tochi ukutani, maana yapo mambo ambayo jirani hapaswi kuyamulika. Niliposikia Mzee akipenga kamasi nikairudisha.

"Mkwe," akasema, akitafuta sauti yake ya zamani, "wewe umetoboa?"

"Sijatoboa, baba."

"Basi tundu jipya hakuna. Fundi, weka hapo."

Fundi Mawimbi akakata pete mbili za plaiwudi kuficha meno ya matundu ya Mzee, akazikaza spika, akateremsha kioo, akakipandisha. Hakikugusa kitu. Ubao wa ngozi ukarudi mahali pake. Muziki ukatoka milangoni, laini, ukajaa viti vyote viwili, na Bwana Kasi akalia bila kujificha. Ndipo Mzee Marufuku akaingiza mkono mfukoni, akatoa kadi ya gari, akamkabidhi mbele ya mashahidi.

"Kuanzia leo ni lako."

Ushindi ulioje! Ulidumu mpaka Mama Mkwe alipofungua mlango wa pembeni, akaketi, akaweka kifuniko mapajani.

"Mzee, washa gari. Tunaenda kwa wifi. Siwezi kulala tena na jambo hili."

"Mama," mkwe akasema, "safari ya leo ilikuwa yetu..."

"Mtatukuta huko."

Viti vilikuwa viwili. Gari jekundu likatoka getini, paa limefunguliwa, wazee wawili ndani yake, na Mama Mkwe tayari alikuwa ameongeza sauti. Bwana Kasi akasimama na kadi mkononi, akawapungia glavu.

Mkewe akachukua mkoba. "Twende kituoni. Basi lina muziki."

Wakaondoka kwa miguu. Nilimsikia shujaa akianza, "Mke wangu, uliona wakati ule Fundi alipolegeza skrubu ya kwanza..." nikangoja akatizwe. Hakukatizwa. Mke alimshika mkono, akamwambia, "Haya, simulia. Anzia mwanzo kabisa."

Basi na iandikwe, na wajao wasome: siku hiyo Bwana Kasi, mvaa glavu, mpangusa matairi, aliishinda milango bila kutoboa hata tundu moja, akapata gari kwa haki, na akaenda kwa shangazi kwa basi.