Boya la Kihistoria

Kamati ya Hifadhi ya Bustani ya Mtoni, ambayo mimi ni Katibu wake, ina furaha kuutangazia umma kwamba kuanzia sasa kila kitu bustanini ni cha kihistoria, na cha kihistoria hakiguswi. Tumezungushia kamba mabenchi, bembea, na ile meza ya mawe ya drafti. Kupumzika kunaruhusiwa, mradi mtu apumzike wima.

Babu Seremala, aliyecheza drafti pale na marehemu kaka yake tangu ujana, alikuja kulalamika.

"Mwanangu, sasa mimi niende wapi? Nyumbani nina kuta tu."

Nilimhurumia kwa kweli. Nikamwelekeza aitazame meza.

Boya la kuokolea watu tulilipa heshima ya pekee: kabati la kioo, ufunguo mfukoni mwa Mwenyekiti.

Siku ya uzinduzi Mwenyekiti alihutubia mpaka miguu ikamgomea. Viti alikuwa amevipiga marufuku mwenyewe, basi akaegemea kamba ya ukingo wa mto. Kamba nayo, kwa kuwa zabuni aliipata shemeji yake, ikakatika. Mwenyekiti akatumbukia mtoni, kiatu kimoja kikabaki ukingoni.

"Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole!" mtu akapaza sauti.

"Boya!" Mwenyekiti akalia, tope limemshika miguu.

"Ni la kihistoria, mheshimiwa," nikamkumbusha. "Na ufunguo?"

"Ninao mimi! Vunjeni kioo!"

"Bila azimio la kamati?" Sisi si wahuni.

Kikao cha dharura kikafunguliwa, wajumbe ukingoni, Mwenyekiti topeni, maji kidevuni. Babu Seremala akaomba nafasi.

"Napendekeza kila kitu kiguswe. Meza kwanza."

"Naunga mkono!" Mwenyekiti akapaza sauti topeni.

"Kasoro kiatu hiki," Babu akaongeza, akikiokota. " Hakuna kiongozi aliyewahi kuingia mtoni kwa ajili yetu. Kihifadhiwe."

"Nimekubali, jamani, nakufa!"

Babu akavunja kioo kwa mkongojo wake, tukamrushia boya.

Siku hizi watu wanabembea, na Babu ananifunga drafti kila jioni bila huruma. Kiatu kimo kabatini, nyuma ya kioo kipya.

Jana Mwenyekiti alikuja kukidai. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba azimio lililopitishwa topeni hutenguliwa topeni. Akautazama mto. Akanitazama mimi.

"Sasa nifanyeje, Katibu? Kile ni kiatu changu!"

Nilimhurumia kwa kweli. Nikamwelekeza akitazame.