Bunduki ya Mwanga ya Msusi

Idara ya Kudhibiti Silaha Ambazo Bado Hazijagunduliwa inapenda kuutangazia umma kwamba taifa liko salama. Tena limekuwa salama tangu Idara iundwe, kwa maana hakuna hata raia mmoja aliyewahi kudhuriwa na silaha ambayo bado haijagunduliwa. Wapo wanaouliza eti kazi yetu ni nini. Hao wana husuda, na husuda haina dawa. Sisi tuna ghorofa mbili, magari, na wimbo wetu wa kila asubuhi.

Mimi ndiye Mkurugenzi wa Idara hiyo. Wako watakaobisha, nitawafikia.

Mambo yalianzia saluni. Nilikwenda kumchukua mke wangu aliyekuwa anasukwa. Msusi wake ni mwanamke mchangamfu ambaye mdomo wake hauna breki. Nilipoingia tu, kando ya kioo, kati ya chanuo na mafuta ya nywele, nikaona bunduki ya rangi ya fedha, ndefu kama mkono wangu, ina taa tatu na vibawa viwili ubavuni. Bunduki ya namna hiyo sijapata kuiona, kwa hiyo ilikuwa chini ya mamlaka yangu. Nikafanya ambacho mtaalamu yeyote angefanya: nikaingia chini ya kiti cha mke wangu.

"Baba watoto, toka huko, unaniaibisha," mke wangu akasema bila kugeuka, maana kichwa kilikuwa mikononi mwa msusi.

"Shikamoo, bosi," msusi akasema, akiinama kunitafuta. "Hiyo ni ya kuigiza tu. Mimi shabiki wa ile tamthilia ya wapiganaji wa nyota. Nimeagiza nitengenezewe kama ya nahodha wao. Jumamosi mashabiki tunakutana, kila mtu na mavazi yake, waamuzi wanachagua nani amefanana zaidi."

"Imetengenezwa na nani?" nikauliza kutoka chini.

"Fundi makochi wa hapo nyuma. Mpe bomba la plastiki na taa za pikipiki, anakutolea chochote. Vibawa tu ndio tuligombana. Vya kwanza alivyoleta vilikuwa vya kuku kabisa, nikamwambia kaka yangu, hii inaruka angani, haitagi!"

Mke wangu alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu za kiusalama.

Siku hiyohiyo nikawasilisha malalamiko rasmi kwa Idara yangu, nikayapokea mwenyewe, nikajishukuru kwa uzalendo. Fundi makochi alikamatwa karakanani kwake akiwa na misumari mdomoni. Askari wakasubiri aiteme mmoja mmoja ndipo wamsomee makosa yake. Bunduki nayo ikaletwa ofisini kwangu imefungwa katika blanketi, ikalazwa mezani kama mgonjwa.

Kesho yake asubuhi msusi akaja mwenyewe. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Bosi, nimemponza mtu wa watu. Mkewe ananitazama kama mchawi, na ana haki. Aliyetaka bunduki ni mimi. Nikamateni mimi, yeye arudi kwake."

Yalinigusa maneno yale, sisemi uongo. Lakini sheria ni msumeno, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika mpini.

"Jibu unachoulizwa," nikasema. "Silaha hii inafanya nini?"

"Haifanyi kitu. Inawaka, inalia twiiiu. Hiyo twiiiu yenyewe imetoka kwenye gari bovu la mtoto wake."

"Nauliza kwenye tamthilia."

"Ah, kwenye tamthilia inamtowesha mtu. Ikikumulika kifuani, basi, hupo."

"Na waliotoweka hurudi?"

"Hajarudi mtu bado. Labda watayarishaji wamkumbuke."

Karani akaandika kwamba shahidi amekiri bila kulazimishwa. Mchana cheti kikawa tayari, na saini yangu chini yake: Silaha ya Daraja la Kwanza, humtowesha binadamu anayemulikwa kifuani, kabisa, bila masalia.

Hapa lazima nieleze utaratibu wetu mmoja, maana bila huo msomaji anaweza kudhani tulikuwa wajinga. Idara haifuti cheti. Haijapata kufuta na haitafuta. Mwaka fulani tuliithibitisha lifti yetu kuwa inafanya kazi, siku mbili kabla kamba yake haijakatika. Hadi leo wafanyakazi hupanda ngazi wakihema, wakifika juu hutia saini kwamba wameletwa na lifti. Hiyo ndiyo nidhamu.

"Basi ijaribuni!" msusi akafoka aliposomewa cheti. "Si mnasema inatowesha? Mpigeni nayo mtu mmoja hapa tuone!"

Hoja yake ilikuwa ndani ya kanuni. Nikatangaza nafasi ya kujitolea. Ghafla jengo zima likapata misiba. Dereva alifiwa na mama mkwe ambaye jana yake alikuwa amempigia simu kumtukana. Wanasheria wote wakaumwa tumbo la aina moja.

Aliyejitolea ni fundi makochi peke yake. "Nipigeni mimi," akasema kwa furaha, akifungua vifungo vya shati. "Kifuani, mgongoni, popote. Nina kochi la bi harusi halijapigwa hata kitambaa."

Tulimkatalia. Fundi angetoweka, nani angeshtakiwa? Tukamrudisha ndani, tukaandika kwamba mtuhumiwa alijaribu kutoroka kwa kutumia jaribio.

Basi nikaona kesi isifike mbali kabla wananchi hawajaielewa. Nikaita waandishi wa habari ukumbini. Kushoto kwangu aliketi Naibu wangu, mtu mpole ambaye kwa miaka mingi alikuwa akicheka utani wangu kabla sijaumaliza. Msusi alisimama nyuma, karibu na mlango, na fundi aliletwa na pingu zake ili apigwe picha.

"Ndugu waandishi," nikasema, nikiinua bunduki, "hivi ndivyo raia mwema asivyotakiwa kushika silaha."

"Bosi," msusi akapaza sauti, "umeishika kinyume."

"Nyamaza wewe."

"Haki ya Mungu, bosi, hapo penye taa ndipo panapotokea mwanga! Igeuze!"

Mimi sifundishwi kushika silaha na msusi. Nikabonyeza kitufe. Taa tatu zikawaka, ikalia twiiiu, na duara jekundu likatua katikati ya tai yangu.

Nikajipapasa: tumbo lipo, saa ipo. Nikacheka. "Mnaona, ndugu zangu, nipo..."

Nikakatisha mwenyewe. Nilikuwa na njia mbili tu. Nikisema nipo, cheti kina uongo, fundi hana kosa na Idara imekosea. Nikisema Idara haikosei, basi sipo. Nikamgeukia Naibu anisaidie, kama anavyonisaidia siku zote.

Naibu alikuwa ameshasimama, leso machoni.

"Waheshimiwa," akasema, sauti ikimtetemeka, "Idara haifuti cheti. Mkurugenzi wetu mpendwa ametoweka, kabisa, bila masalia. Tumkumbuke kwa kimya kidogo."

"Nipo hapa, wewe!" nikapiga meza.

"Kuna upepo," Naibu akasema. "Fungeni dirisha."

Wafanyakazi wangu wote wakainamisha vichwa. Dereva alilia kwa kwikwi. Kumbe machozi anayo, mwenzangu. Naibu akavuta kiti changu, akakikalia, akakirekebisha kimo. Iliniuma. Sijui nisemeje zaidi ya hapo. Iliniuma kama kofi la mtoto uliyemlea mwenyewe.

"Samahani, bosi mpya," msusi akauliza, "na fundi je? Mlalamikaji wake si ndiye huyo aliyetoweka?"

Naibu akafikiri. Mlalamikaji hayupo, na kesi isiyo na mlalamikaji haina miguu. Pingu zikafunguliwa palepale. Msusi akamkumbatia fundi, wote wakaniangalia, na naapa wao waliniona vizuri. Bunduki nayo wakarudishiwa, kwa sababu tayari ilikuwa imetumika.

Nyumbani nilimweleza mke wangu kwamba nimetoweka. Akanitazama juu hadi chini. "Kilichotoweka ni kazi," akasema. "Mdomo upo palepale. Haya, kamata ufagio."

Nikarudi ofisini, mlinzi akafunga geti usoni kwangu huku akisema baridi imezidi. Wizarani wakanitaka nipeleke uthibitisho wa kuwepo, unaotolewa na Idara. Mwisho nikaenda saluni, nikavua kofia.

"Dada yangu," nikamwambia msusi, "Jumamosi kwenye mkutano wenu, waandishi watakuwepo?"

"Wanakuja kila mwaka."

"Naomba niende na nyinyi. Wakinipiga picha nikiwa mzima, mtu hatasema tena sipo."

Alinitazama kupitia kioo. Nilitegemea anifukuze, na angenifukuza ningeelewa. "Twende tu, bosi," akasema. "Ila vaa ile suti ya siku ya waandishi."

Jumamosi nilivaa ile suti. Ukumbi ulijaa wapiganaji wa nyota, majitu ya vichwa vitatu na panga za plastiki zinazowaka, nyingi zikiwa kazi ya fundi makochi, ambaye tangu kesi ile hapumui kwa wateja. Nilikuwa bado nawatafuta waandishi kwa macho nilipozingirwa na waamuzi.

"Suti iko sawa," mmoja akasema, akinizunguka. "Kitambi kiko sawa, tena kinaonekana cha kweli. Wewe umeigiza nani?"

"Siigizi!" nikasema, na sauti ikanitoka kwa uchungu wote niliokuwa nao. "Mimi ni Mkurugenzi wa Idara ya Kudhibiti Silaha Ambazo Bado Hazijagunduliwa! Nilimfunga fundi wa makochi kwa kosa la kuunganisha bomba na taa za pikipiki, nikatia saini kwamba bomba linatowesha watu, kisha nikajimulika nalo mwenyewe, na sasa ofisi nzima inasema sipo!"

Watu walivunjika mbavu. Kuna jitu lilikaa chini kabisa, vichwa vyote vitatu vikitikisika. Waandishi nao walikuwa wanacheka huku wakinipiga picha kutoka kila upande.

Waamuzi wakateta, kisha mkubwa wao akashika kipaza sauti.

"Kwa mavazi, tumempa alama zote. Kwa kujikohoza na kunyoosha kidole, amepatia mno. Tumemkata alama kwenye hadithi. Ndugu yangu, sisi hapa tunakubali watu kuruka kutoka nyota hadi nyota. Lakini kwamba kuna nchi ingempa ofisi mtu wa namna hiyo, hapo umezidisha. Haiaminiki."

Nafasi ya kwanza akapewa msusi. Mimi nilishika ya tatu, nyuma ya jamaa aliyevaa sufuria.