Taa za Mheshimiwa

Jumatatu, 3 Machi
Taa tatu za kisasa zimefika, na kamera ya mlangoni! Zote zinaendeshwa kwa simu, kupitia intaneti. Intaneti sina. Jirani yangu, fundi cherehani, anayo. Mwaka jana mke wangu alipolazwa hospitalini, fundi alinipa nywila nitume ujumbe mmoja. Nimeunganisha kwake. Kila kifaa kikataka jina. Nikaandika Mheshimiwa Taa Moja, Mbili, Tatu, na Mheshimiwa Kamera. Mtaani ndivyo ninavyoitwa. Mke wangu kauliza swichi ya ukutani ilikuwa na kosa gani.

Jumatano, 5 Machi
Fundi kabisha hodi. Intaneti inajikokota, picha za mishono haziwafikii wateja. Kaniomba mimi, mtaalamu, nimtafute mwizi. Jasho! Nikamtaja mwalimu mstaafu wa ghorofa ya juu, ambaye fundi mwenyewe alimruhusu kutumia intaneti yake. Nikasema wazee hutazama video kutwa. Akanipa simu yake nimzuie. Nikamzuia.

Ijumaa, 7 Machi
Mwalimu yuko kwenye ngazi, simu kaiinua juu, anatafuta mtandao. Binti yake wa ng'ambo kajifungua, na babu hajamwona mjukuu. Kaniomba msaada. Nikasingizia mawingu. Naona haya hata kuandika.

Jumapili, 9 Machi
Siku za mwizi arobaini. Zangu zimekuwa sita. Fundi katuita sote kibandani kwake, mimi, mke wangu na mwalimu, akasoma kwenye simu orodha ya waliounganishwa. Alisoma polepole, hadi kamera. Kisha:

"Jirani, huyu Mheshimiwa unamfahamu?"

Niliiomba ardhi ipasuke, ikakataa. Mke wangu aliangalia vitambaa. Fundi akabadilisha nywila, akamfungulia mwalimu na kumpa yeye peke yake. Mwalimu hakunigombeza, punde akaniita nitazame mjukuu kwenye simu. Mtoto mzuri. Nilishindwa kumwangalia babu yake usoni.

Jumanne, 11 Machi
Mwalimu hataki tena kumsumbua fundi, kavuta intaneti yake. Hana kinyongo: kaniita mimi nimuunganishie, na nywila akanisomea mwenyewe. Nikamwapia kwamba nimekoma.

Na kweli nimekoma. Majina ya kujisifu, kamwe! Taa zangu sasa ni Redio ya Mwalimu, Feni ya Mwalimu na Saa ya Mwalimu. Kamera nimeiita Mjukuu.