Nyonga ya Bastola

Ilitangazwa mjini Bishkek, mbele ya waandishi wa habari na sufuria kubwa ya pilau, kwamba bastola ya Makarov haitakuwa tena kitu kimoja. Kwa miaka mingi ilikuwa imefungamana kishamba, chuma juu ya chuma, bila kumshirikisha mdau yeyote. Sasa ingekuwa ya moduli. Kiini kimoja kidogo chenye triga na namba, halafu juu yake unapachika mtutu mrefu ukiwa polisi, mtutu mfupi ukiwa wa forodha, na mpini mwembamba ukiwa na vidole vyembamba. Jenerali Kalmamat, Mwenyekiti wa Tume ya Taifa ya Uboreshaji na Ugatuzi wa Bastola, alieleza kwamba huo ni mkakati. Hakuna aliyeuliza mkakati wa nini, kwa hiyo hoja ikapita.

Kapteni Emilbek, katibu wa Tume, alipiga makofi mpaka viganja vikamwasha. Aliamini kila neno, maana mengi aliyaandika yeye. Bastola ya mfano ilikuwa moja tu nchi nzima, na ilitoka ghalani kwa saini yake. Ikikaguliwa ikapita, angekuwa meja. Ikipotea, sheria ilikuwa wazi: jela, tena si ile jela ya kupelekewa chakula cha nyumbani. Emilbek hilo la pili hakulisumbukia. Bastola inayolindwa na Tume nzima itapoteaje?

Baada ya hotuba kondoo akaletwa mezani, kwa kuwa kwetu hata choo cha ofisi hakifunguliwi bila kondoo. Kila mtu akapewa ustukan yake, yaani mfupa unaolingana na cheo na umri wake. Watu wazima, wenye shahada, wakawa wanachungulia sahani za majirani kabla ya kutazama zao. Nyonga ni ya mkubwa kuliko wote. Kwa umri ilikuwa ya Kanali Sharshen, mstaafu, mwenye ndevu nyeupe na goti bovu. Kwa cheo ilikuwa ya Jenerali Kalmamat. Kijana wa kugawa alisimama katikati na sinia mpaka Jenerali alipomwondolea shida kwa kuichukua mwenyewe.

"Mimi siumii," alisema Kanali, akitafuna mbavu. "Nilishakula nyonga wakati wengine wanafutwa kamasi."

Jenerali akacheka, akanywa, akanywa tena. Kisha macho yake yakatua kwenye bastola iliyolazwa juu ya mto wa kitambaa chekundu.

"Emilbek, hiyo nayo inagawika?"

"Inagawika, Jenerali! Tena bila bisibisi!" Emilbek akaitwaa, akaifungua vipandevipande mbele ya wageni, haraka na kwa madaha, kama mtu anayemenya yai. Alipigiwa makofi. Ilikuwa dakika tamu kuliko zote maishani mwake, na baadaye angekuwa tayari kutoa mshahara wa mwaka ili isingetokea.

"Basi ndugu zangu," Jenerali alisimama, "ugatuzi si maneno. Kila mmoja wetu amehenyeka na mradi huu. Kila mmoja apate ustukan yake. Wewe kijana kaa chini, safari hii nagawa mimi."

Akagawa. Mtutu pamoja na kifuniko chake cha juu akampa Naibu Waziri Bolotkan. Mpini akampa Bi Saadat wa Hazina, kwa maelezo kwamba Hazina ndiyo hushika. Magazini, tena tupu, akamtupia Kanali Sharshen. Springi ikabaki, akapewa katibu. Kiini chenye namba Jenerali alikibusu, akakitia mfukoni.

Emilbek alifungua mdomo. Lakini mtu aliyepewa ustukan humwambii airudishe, hata awe mwizi. Akafunga mdomo, akaandika katika kumbukumbu za kikao: "Rasilimali zimegatuliwa." Na ilipofika saa ya kuondoka, wageni wakafanya kama wafanyavyo siku zote. Wakafungasha mabaki yao katika mifuko ya plastiki, nyama, mkate, peremende na bastola, wakaaga.

Asubuhi mkewe Emilbek, Anarkul, alikuwa jikoni akipasha mchuzi.

"Baba Aidin, hii nayo inachemshwa mpaka ilainike?" Akanyanyua springi kwa uma, ikidondosha mafuta.

"Weka chini! Hiyo ni mali ya taifa!"

"Taifa limekupa springi? Mwenzio Bolotkan kapewa nini?"

"Mtutu."

"Naye mdogo kwako kwa umri! Na wewe ukanyamaza?" Anarkul akairudisha springi kwenye bakuli kwa dharau. "Ndiyo maana dada zangu wananiuliza nimeolewa na nani."

Simu ikalia. Bi Jyparkul, Mkaguzi wa Silaha za Serikali, alikuwa na sauti tulivu. Alisema atakuja Ijumaa kuiona bastola mpya. Nzima. Emilbek akasema karibu sana, akakata simu, akakaa sakafuni.

Alianza kwa Naibu Waziri. Mtutu ulikuwa ukutani ofisini, ndani ya fremu ya kioo, kati ya shahada na picha ya farasi.

"Baike, tafadhali, naomba niuazime kwa siku moja tu," Emilbek alisema, akimwita kaka mkubwa mtu aliye mdogo kwake kwa umri.

"Emilbek, wakwe zangu wameshauona. Wamepiga nao picha. Niwaambie nini, nilipewa nikanyang'anywa?" Naibu Waziri akafikiri. "Labda iandikwe rasmi kwamba mtutu ndio mkubwa kuliko vyote. Hapo nitaurudisha kwa moyo mweupe."

Bi Saadat alimjibu mlangoni kwamba Hazina haina utaratibu wa kurudisha, ina wa kupokea tu.

Kanali Sharshen alikuwa uani kwake akianika aprikoti, magazini ikiwa imewekwa juu ya ukuta, peke yake, kama kitu kilichofanya kosa.

"Chukua," alisema. "Hapana, subiri. Nikikupa nitakuwa nimekubali kwamba ilikuwa yangu. Mimi, niliyelala kwenye theluji mpakani wakati Kalmamat anajifunza kufunga suruali! Kanipa magazini. Tena haina hata risasi! Ni ubavu huo, mwanangu. Ni ubavu usio na nyama."

"Mzee, nitafungwa."

"Najua. Nakuhurumia kweli." Na kweli macho yalimlegea mzee. "Lakini heshima yangu ikishapotea, nani atafungwa kwa ajili yake? Mwambie Kalmamat aniletee kiini, mimi nitampa hii."

Emilbek akaenda kwa Jenerali, akamweleza yote, akakaribia kulia. Jenerali hakuona tatizo la bastola hata kidogo. Aliona tatizo la nidhamu. Akaitisha kikao cha dharura cha kupanga madaraja ya vipande.

Kikao kilichukua mchana kutwa. Naibu Waziri alidai kwamba bila mtutu risasi haina pa kupita. Bi Saadat alidai kwamba bila mpini mtutu utashikwa na meno. Kanali alidai kwamba bila magazini wote wameshika upuuzi, na akaongeza kwamba hata magazini ikiwepo ni upuuzi. Jenerali akasikiliza kwa subira ya mtu ambaye uamuzi wake umeshapigwa chapa. Kisha Emilbek akausoma: "Kuanzia leo, kisheria na kiheshima, bastola ni kiini chenye namba. Vingine vyote ni mapambo."

"Mapambo!" Naibu Waziri alipauka.

"Sahihi hapa, hapa na hapa," alisema Jenerali.

Wakasaini, kwa sababu chakula kilikuwa nje na mlango ulikuwa umefungwa. Lakini utamu ulikuwa umekwisha. Hakuna anayetundika pambo ukutani karibu na shahada. Naibu Waziri alimsukumia Emilbek mtutu na fremu yake. Bi Saadat akautupa mpini mezani. Kanali akaitoa magazini mfukoni, akaiangalia, akasema, "Hata ubavu una supu," akaiacha.

Emilbek aliomba kiini.

"Mimi nikukabidhi wewe nyonga?" Jenerali alimshangaa kweli kweli. "Nitakuja nacho mwenyewe. Leo napeleka salamu kwa wakwe zangu kijijini Kochkor, na hawajakiona."

Ijumaa Bi Jyparkul alifika mapema, mama mnene mwenye miwani, pamoja na masajenti wawili. Wajumbe wote walikuwepo, maana hakuna aliyetaka mwenzake aonekane amekuwepo zaidi. Mezani, juu ya mto mwekundu, Emilbek alikuwa amepanga mtutu, mpini, magazini na springi aliyoiosha kwa sabuni. Katikati palikuwa na pengo. Alikuwa amemuaga Anarkul mlangoni kwa maneno mengi kuliko kawaida, na mkewe, ambaye hajawahi kumhurumia, alimfunga kola bila kusema lolote. Hilo ndilo lilimtisha.

"Kapteni, ulisaini kuchukua nini ghalani?" aliuliza Mkaguzi.

"Bastola, mama."

"Na hivi ni nini?"

Emilbek akamsogezea karatasi. "Kwa mujibu wa uamuzi wa Tume, hivyo ni mapambo."

Mkaguzi alisoma uamuzi, akausoma tena, akavua miwani. "Basi bastola iko wapi?"

Mlango ukafunguliwa, Jenerali akaingia akinukia safari, akanyoosha mkono juu. Kiini kilikuwa ndani ya leso, kikimeremeta kwa mafuta ya kondoo.

"Hii hapa!" alisema. "Imefika Kochkor na kurudi. Wakwe walisimama wote kuisalimu!"

"Bastola ya serikali," Mkaguzi alisema polepole, "imetoka nje ya ghala, imelala nyumbani kwa mtu, imevuka milima, bila kibali."

"Mama, bastola gani? Hiki ni kidubwana tu!"

"Uamuzi unasema ni bastola. Sahihi ni yako."

Jenerali akatazama huku na huku. Uso wake ukapata rangi ambayo Tume haikuwahi kuiona. "Turekebishe," alisema. "Bastola iwe mtutu. Bolotkan, ulikuwa na hoja nzito sana kuhusu mtutu."

"Mimi?" Naibu Waziri akarudi nyuma. "Mimi nilikuwa na pambo tu. Tena dogo."

"Bi Saadat?"

"Hazina haijawahi kushika kitu."

"Haya," alisema Mkaguzi, "tufanye hivi. Anayejibu ni aliyekigawa. Jenerali, ulikichukua au ulipewa?"

Jenerali alikuwa mwepesi, tusimnyime haki yake. "Nilipewa," akasema. "Na Kapteni huyu. Ndiye mwenye saini, ndiye aliyeifungua mbele ya watu, ndiye aliyenigawia."

Emilbek aliona uso wa Anarkul akifunga kola. Alitaka kusema si kweli, lakini Mkaguzi alikuwa ameshamgeukia pamoja na sajenti mmoja.

Ndipo Kanali Sharshen alipoanza kucheka. Alicheka taratibu, akishika goti lake bovu.

"Kumbe!" alisema. "Jenerali mzima, kagawiwa na kapteni! Kakaa na sahani yake, kasubiri, kijana kamchagulia mfupa. Na akashukuru, sivyo? Ulisema ahsante, Kalmamat?"

"Kimya, Kanali."

"Wakwe wa Kochkor wanajua? Walisimama wote kukisalimu kipande alichorushiwa na katibu!"

Naibu Waziri akatoa kicheko puani. Bi Saadat akafunika mdomo. Hata sajenti aliyekuwa karibu na Emilbek akatazama viatu vyake kwa nguvu.

"Nani karushiwa?" Jenerali alinguruma. "Nani wa kunigawia mimi? Kapteni? Huyu wa springi? Mimi ndiye niliyegawa! Kwa mkono wangu huu! Huyu kijana nilimwambia akae chini, akakaa! Nikampa Bolotkan, nikampa Saadat, nikakutupia wewe magazini mzee mzima ukaidaka, na nyonga nikachukua mimi, kwa kuwa ni yangu, na hakuna mtu katika nchi hii wa kuniambia nisichukue!"

Mkaguzi alikuwa akiandika. Aliandika neno kwa neno, bila haraka, kisha akamgeuzia Jenerali karatasi asaini. Jenerali, kwa hasira na kwa mazoea, akasaini.

Emilbek akapewa risiti ya mapambo na akaambiwa anaweza kwenda nyumbani. Alikaa kwenye ngazi kwanza, na Kanali akaketi kando yake.

Masajenti walimleta Jenerali nje. Gari la Mkaguzi lilikuwa dogo, na pakatokea ubishi wa viti, kwa kuwa Jenerali alikataa katakata kuketi karibu na mlango kama mpishi. Kwetu mgeni mkubwa hukaa mbali na mlango. Masajenti wakakubaliana naye kabisa. Wakamweka katikati ya kiti cha nyuma, wakaketi mmoja kila upande, na Jenerali akajiweka sawa, akanyoosha shingo, akaonekana ameridhika.