Taa ya Njano ya Cuco

Televisheni ya Mama Chan, ile inayoning'inia juu ya kabati la donati dukani kwake, ilikuwa imetoka kutangaza kwamba jamaa mmoja mwenye karakana hapo San Bernardino ametiwa pingu. Kosa lake: alikuwa analipimisha moshi gari moja zima kwa niaba ya magari mabovu ya watu kibao. Asubuhi gari linafaulu kwa jina la lori la kuku, mchana linafaulu kwa jina la gari la padri.

"Shujaa huyo!" akasema Wakili kabla hata picha haijaondoka. Jina lake ni Vartan, na maisha yake yote aliuza mazulia, ila hakuna kesi duniani isiyomhusu. "Anawasaidia wanyonge, wanamfunga. Malori ya maghala yanapita hapa mchana na usiku yanatumwagia masizi, nani kafungwa?"

"Mwizi tu," akajibu Diseli, mdomo umejaa donati. Huyu kwenye kitambulisho anaitwa Dwayne, dereva wa malori mstaafu. "Na usiyaseme malori, yamenilisha."

"Ndiyo maana umevimba hivyo."

Cuco, mkata mitende aliyeketi meza moja nao, hakucheka. Habari ile ilimchoma. Pikapu lake lilikuwa nje, stika yake ya usajili inakufa kesho, na Jumatatu alikuwa na kazi ya kupunguza mitende kwenye makaburi ya mji. Msimamizi wa pale ni mtu wa kuinama getini na kuchungulia namba za magari. Gari lenye stika iliyokwisha haliingii, na kazi inakwenda kwa Lalo, shemeji yake, ambaye Cuco angemwombea apate kila kitu duniani isipokuwa ile mitende. Bila kupita ukaguzi wa moshi, stika mpya hupewi.

"We Cuco, mbona kimya?" Diseli akamchokoza. "Au na wewe ni mteja wa huyo bwana wa pingu?"

"Niache bwana. Saa nne nina miadi ya ukaguzi."

"Tena? Si walishakutimua?"

"Hawakunitimua! Walisema gari haliko tayari."

"Na nani alikutuma ung'oe betri?"

Cuco akamtazama Wakili. Wakili akatazama dari.

Mkasa wenyewe pale kijiweni kila mtu anaujua. Taa ya injini iliwaka, ile ya njano ambayo ikiwaka hufaulu ukaguzi, na Wakili akatoa dawa ambayo nusu ya mtaa ule wanaitumia: siku moja kabla ya ukaguzi, ng'oa betri, taa itazimika yenyewe. Cuco akang'oa, taa ikazimika, akaenda kwenye ukaguzi anapiga mluzi. Kumbe ndani ya kompyuta ya gari wamo wakaguzi wadogo, kila mmoja na sehemu yake ya kupima, na ukikata umeme wote wanasahau kazi waliyoifanya. Mpimaji akachomeka waya wake, akakuta patupu, akamrudisha nyumbani. Ni mpaka uendeshe upya, tena kwa masharti, ndipo wakaguzi wale wanarudi kazini.

"Na masharti yenyewe sasa!" Cuco akalipuka. "Uliwashe likiwa limelala, limepoa kabisa. Tangi lisijae, lisikauke, kila siku natia mafuta kama natilia mtoto dawa. Ushike mwendo mmoja, usizidishe, usipunguze. Halafu uachie mafuta, liserereke lenyewe tu bila kugusa breki! Kwenye barabara kuu ya Redlands! Mama mmoja kanionyesha kidole cha kati mbele ya wanawe."

"Jumatano nilikuwa nyuma yako," akasema Diseli. "Nikajua umefia kwenye usukani. Nilivua kofia kabisa."

"Mke wangu kagoma kupanda. Anakwenda kanisani kwa miguu, na anafika kabla yangu!"

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Wakili akakunja miguu.

"Tusipotoshane," akasema. "Taa ilizimika, haikuzimika? Ushauri wangu ulihusu taa. Hayo ya wakaguzi ni siasa za jimbo."

"Ungekuwa daktari wewe," Diseli akamrushia, "ungetibu homa kwa kuvunja kipimajoto."

Mama Chan alikuwa anafuta kaunta. "Jana si alibaki mkaguzi mmoja?" akauliza.

"Yule wa mvuke wa petroli," akasema Cuco. "Leo alfajiri nimekwenda Redlands na kurudi. Lazima kamaliza."

"Na ile taa mwanzo iliwaka kwa nini?"

"Iliwaka tu," akasema Cuco.

"Magari ya zamani ndivyo yalivyo," akasema Wakili.

"Wiki zote hizi mnabishania namna ya kuizima," akasema Mama Chan, "na hakuna aliyeuliza inasema nini? Wanaume wazima! Haya, nendeni nje, mnanijazia meza."

Wakatoka. Diseli akachomeka chini ya usukani kile kifaa chake kidogo cha kusomea kompyuta ya gari, na Cuco akazungusha ufunguo. Alama za kijani zikajipanga mstari mzima. Kila mkaguzi kamaliza kazi. Cuco akapiga kelele za furaha, akambusu Diseli kwenye upara. Injini ikatulia, ikanguruma vizuri tu, na hapo taa ya njano ikawaka.

"Si wamemaliza?" akauliza Cuco.

"Wamemaliza," akasema Diseli, anasoma. "Na wameona. Mvuke wa petroli unavuja. Hebu cheki kifuniko cha tangi."

Cuco akazunguka nyuma, akakifungua. Mpira wake ukamvunjikia vidoleni, vipande vipande. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la vipuri, na vifuniko vipya vimetundikwa dirishani, bei yake haizidi boksi la donati.

"Nikikinunua sasa hivi?"

"Kinunue. Ila taa haizimiki leo, mpaka uendeshe siku kadhaa iamini umetengeneza. Na nikiifuta kwa kifaa, wakaguzi wanaanza moja."

"Na Jumatatu?"

Diseli akatikisa kichwa. Cuco akamwona Lalo mawazoni, yuko juu ya mtende, anampungia mkono.

Wakili akakohoa. "Mimi kwa maoni yangu, lile betri..."

"Koma!" akafoka Diseli. "Mtu unaendesha gari la umeme ulilonunuliwa na mwanao! Halina tangi, halina moshi, halipimwi mpaka kiama, halafu ndiye mshauri wa moshi wa wenzio!"

Cuco akageuka polepole. Gari la Wakili lilikuwa limeegeshwa pale pale, jeupe, linang'aa, viti vyake vya ngozi bado vimefunikwa nailoni, stika mpya kabisa. Akanyoosha kiganja.

"Ufunguo."

"Ufunguo wa nini?"

"Jumatatu nakwenda makaburini na hilo."

"Hili? Cuco, ndugu yangu, makuti ya mitende yana miiba! Utayaweka wapi?"

"Kwenye viti."

"Na ule msumeno wako? Unavuja oili!"

"Huo," akasema Cuco, "utaupakata wewe."