Nauli ya Kwenda kwa Kina Nyakio

Jumatatu, 11 Agosti 1986

Telegramu kutoka Nyahururu! Baba yake Nyakio amekubali posa yangu. Wazee wangu wapeleke mbuzi Jumamosi hii, nami niwepo mwenyewe. Nisipoonekana, mbuzi watarudi na neno limekwisha. Maneno machache sana, lakini yule mzee hutumia machache hata pale asipolipia.

Nilicheza kidogo stoo, kati ya magunia ya mchele. Karani wa stoo wa hoteli nzima, nikicheza peke yangu! Miaka miwili nimemngoja Nyakio. Kisha nikaenda kuuliza nauli na furaha ikapungua. Malindi hadi Mombasa, Mombasa hadi Nairobi, Nairobi hadi Nyahururu. Na kurudi! Wizi mtupu.

Gitau, mpishi wetu, ni wa kijiji kimoja na Nyakio. Naye anakwenda likizo wiki hii. Amekwisha kata tikiti ya basi, tena kiti cha dirishani. Nikamwambia anatupa pesa. Akasema yeye anapenda kufika tu. Kijana hana mipango maishani.

Jumanne, 12 Agosti

Mwenda bure si mkaa bure. Nimezunguka soko zima hadi nikampata Mahdi, dereva wa lori la nazi, mtu wa Lamu. Nikampa shikamoo ingawa tunalingana umri. Akaitikia kwa furaha. Akaniuliza hali yangu, watu wa nyumbani, kazi, na mvua za bara. Ndipo akakubali. Atanichukua hadi Nairobi bila malipo, mradi nimsaidie kupakia nazi kule Magarini.

Bure! Lakini nilipofika mlango wa soko nikafikiri. Kupakia nazi ni kazi, na kazi ina ujira wake. Nikarudi nikamwambia kwamba, kwa haki, chakula changu cha njiani kiwe juu yake. Mahdi akacheka hadi akashika ubavu. Akaniagizia kahawa, akailipia, kisha akasema kwa adabu zote kwamba amekumbuka mpwa wake naye anataka safari. Nafasi ni moja. Nimuwie radhi.

Kahawa ilikuwa nzuri.

Alhamisi, 14 Agosti

Mungu hamtupi mja wake. Mzee Mwaura, fundi mwashi, amefariki!

Simjui. Lakini ni mtu wa kwetu, na desturi yetu sisi wa bara inajulikana pwani yote: hatuzikwi ugenini. Watu huchanga, basi hukodiwa, jeneza huwekwa katikati, na yeyote anayelia hupanda bila tikiti. Linaondoka kesho alfajiri, mazishi ni Jumamosi. Sijapata kuhudhuria matanga hata mara moja tangu nije Malindi, kwa sababu ya kikapu cha mchango. Nimekosea sana. Kumbe ni shirika la usafiri.

Jioni nilikwenda. Nililia vizuri. Mjane, Mama Jedida, akaniuliza tulijuana vipi na marehemu. Nikaona nafasi isiniponyoke kama ile ya lori. Nikasema tulikuwa kama watoto wa tumbo moja. Akanishika mikono yote miwili. Akasema hakujua kama mumewe alikuwa na rafiki.

Hapo hapo nikapewa kiti kilicho karibu kabisa na jeneza. Kikapu nacho kikaanzia kwangu. Mtu wa tumbo moja hawezi kutoa sarafu mbele ya watu, kwa hiyo nikatoa noti. Wakaendelea kunitazama. Nikatoa nyingine. Bado ni nafuu kuliko tikiti ya Gitau, ingawa si kwa mbali.

Nilitaka kuuliza tunamzika upande gani wa bara. Lakini ndugu gani huuliza hivyo? Nitateremka popote baada ya Nairobi.

Ijumaa, 15 Agosti

Tumeondoka alfajiri. Basi limeelekea kaskazini. Nikafikiri kuna waombolezaji wa kuchukuliwa Magarini. Kweli, tuliwachukua. Likaendelea kaskazini. Nikafikiri dereva anapitia Garissa, pengine kwa gari lenye maiti njia ile ni bora. Sikutaka kuonekana mjuaji.

Garsen tukakuta feri ya Mto Tana. Basi likaingia juu ya feri. Anayekwenda Garissa havuki hapa!

Kando yangu alikaa Mama Waruguru, dada wa marehemu. Nikamuuliza, kwa sauti ya majonzi, kama shamba la ndugu yetu bado liko mbali. Akasema Mpeketoni si mbali tena. Akasema wao walihamia huko wote miaka mingi iliyopita, serikali ilipogawa mashamba, na mama yao mzazi wakamzika huko huko. Kisha akanigeukia, akauliza iweje mimi wa tumbo moja nisijue hilo. Nikamjibu kwamba majonzi yameniondolea kumbukumbu.

Mpeketoni! Lamu! Nyahururu iko nyuma yangu, na basi linazidi kuikimbia. Nikaufikiria uso wa Nyakio akichungulia njia. Hapo nikalia kweli, machozi yenyewe, bila kujitahidi. Mama Waruguru akanipa leso yake, akaniambia nisijizuie.

Jumamosi, 16 Agosti

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Niliulizia gari la kurudi, hakuna. Niliulizia simu, watu wakacheka kidogo, kwa heshima ya msiba.

Saa nne nikaitwa kaburini niseme neno kwa niaba ya marafiki. Saa nne hiyo hiyo, Nyahururu, wazee wangu wanapokewa na mbuzi wao na kuulizwa bwana arusi yuko wapi. Nikasema marehemu alikuwa mpole, mtu wa kupatana na kila mtu. Mtu mmoja nyuma akakohoa. Baadaye nikaambiwa marehemu alikuwa na kesi ya mpaka na kila jirani anayepakana naye.

Nikamalizia kwa kusema kwamba leo nimepoteza mtu ambaye sitampata tena. Nikalia. Hilo halikuwa uongo, na wote walililia pamoja nami, hata majirani wa kesi.

Jumanne, 19 Agosti

Nimerudi Malindi kwa nauli yangu. Basi la msiba linabaki huko hadi mambo yote ya matanga yaishe. Nimejumlisha noti za kikapu na nauli ya kurudi, nikaona zinapita tikiti ya dirishani. Sikuendelea na hesabu.

Jumatatu, 6 Oktoba

Leo Gitau amekuja stoo. Viatu vinang'aa, macho chini. Akasema anaomba radhi. Jumamosi ile alikuwa amekwenda kwa kina Nyakio kunitetea. Akawaambia niko njiani. Jioni akawaambia tena. Mzee akasema mtu wa njiani na aendelee na njia yake, kisha akamuuliza Gitau yeye ni mtoto wa nani. Arusi yao ni Desemba. Na Nyakio? Gitau akasema alilia siku mbili, ya tatu akauliza kama ni kweli kuna mtu hukata tikiti mapema.

Iliniuma. Inaniuma sasa hivi. Nyakio alikuwa wangu, nami nilimpenda kuliko nilivyopata kumwambia. Sikula chakula cha mchana, na chakula cha hotelini hatulipii.

Kabla ya kutoka, Gitau akasema amekodi basi la kupeleka wafanyakazi wote arusini na kuwarudisha, kwa gharama yake. Atanielewa nisipokwenda.

Nimelifikiria jambo hili tangu mchana. Nyakio ana dada mkubwa, mwalimu, bado hajaolewa. Wazee wote wa ukoo watakuwa pale, wameshiba, hasira imetulia. Mtu akisimama mahali pale pale na kumposa dada, atakuwa ameoa bila kutoa nauli hata ya siku moja.

Nimemwambia Gitau aniandike, kiti cha mbele. Nimemwomba pia apime nyuma ya basi kama mbuzi wawili wataenea.