Mashine Yangu na Posa ya Ikirezi

Ijumaa, 2 Mei 2003
Ushindi! Mashine mpya ya labo yetu hospitalini, ile inayotafuta alama za mikrobe ndani ya damu, imetoa jibu kabla ya chakula cha mchana. Mzee Bizimana wa Giheke ana mikrobe kwenye damu. Homa inamtikisa hadi kitanda kinalia. Na chupa za damu za Damascène? Bado zimetiwa joto kama mayai, mpaka mikrobe waote. Damascène ni mwenzangu wa labo, muntu wa chupa. Jumamosi ijayo wazee wake wanakwenda gusaba kwa Mzee huyu huyu, kumuomba binti yake Ikirezi. Ikirezi wangu! (Mwenyewe hajajua bado kwamba ni wangu.) Mimi ndiye nitakayemponyesha baba. Tutaona atapewa nani.

Jumatatu, 5 Mei
Aibu. Mzee bado anatetemeka. Dawa niliyoipigia debe Ijumaa, baada ya jibu la mashine, haikufaa kitu. Daktari Mukamana aliniuliza mashine inasema dawa gani inawaua hao mikrobe. Nikamwambia inasema jina lao tu. Akasema jina halitibu. Chupa za Damascène zikaota, akawapima mikrobe kwa dawa mbalimbali, moja ikawamaliza. Ikirezi alimletea sambaza, vile visamaki vya ziwani, za kukaanga. Kwa mikono miwili! Mimi nilipata harufu.

Alhamisi, 8 Mei
Mzee amepona. Anakula, anafoka, anataka kurudi kwake kupokea wageni wa Jumamosi. Lo! Nikachukua damu yake haraka, nikaitia kwenye mashine. Mikrobe bado wako! Nusura nicheze ndombolo. Damascène alipandwa na hasira: eti mashine inaona hata ba-mikrobe bamekufa, hiyo ni mizoga tu. Nilimjibu kwamba mashine haikufundishwa kutofautisha, na mimi vilevile. Daktari hakutaka kubahatisha. Mzee abaki hadi Jumatatu, na chupa nyingine ziwekwe. Bila baba hakuna gusaba! Leo nitalala usingizi mtamu.

Jumamosi, 10 Mei
Mzee amekataa kuahirisha. Gusaba imefanyika hapa hapa, kwenye veranda ya hospitali, Mzee amevaa koti juu ya pijama! Desturi inataka msemaji wa upande wa msichana akatae kwanza, atafute visingizio vya kuchekesha. Adrien, mdogo wake Mzee, hakuhangaika kutafuta. Alisema kwa huzuni nyingi kwamba hawawezi kutoa binti: damu ya baba yake imejaa maiti, na kilio hakijaisha. Watu walicheka mpaka wagonjwa wakatoka vitandani. Damascène akainua chupa yake ya juzi. Safi, hakuna kilichoota. Mzee akasema huyu kijana anajua nani mzima na nani amekufa, mumpe mutoto. Ikirezi alicheka huku machozi yanamtoka. Niliumia, kweli. Nikagawa Fanta.

Jumapili, 11 Mei
Sikulala. Lakini Kamikazi, mdogo wake Ikirezi, alipopokea Fanta yake alinitazama sana. Nimeulizia. Kumbe kuna mchuuzi wa Bukavu atavuka mpaka pale Rusizi ya Kwanza mwezi ujao kuja kumuomba. Mwezi ujao! Asubuhi nimekwenda kumsalimu Mzee. Nimemsifu kwa afya yake, nikamuomba kwa heshima zote: Papa, kabla hujatoka kesho, uniachie damu kidogo. Nitaiweka kwenye friji na mizoga yake, hadi huyo mchuuzi avuke.